Hadithi Iliyoondolewa Gazetini

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua sare, akanawa uso, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani ya shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kuchomoa nyuzi za bandi, zile zinazoshikilia kitambaa kwa muda kabla hakijashonwa, na kufagia vipande vilivyoanguka sakafuni. Sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Nguo za wateja zilining'inia ukutani kote, hata mgeni aliyeingia ghafla angedhani amevamia mkutano wa watu wasio na vichwa.

Hilo la watu wasio na vichwa lilikuwa la Chiriku mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, ndiyo maana wakampa jina la yule ndege mdogo mwenye kelele. Wazazi wake walifanya kazi mji wa mbali, naye alilelewa na huyo shangazi, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi alikanyaga cherehani, na Chiriku akamsimulia ya shuleni, ya njiani, ya jirani, na mengine ambayo hayakuwahi kutokea popote.

"Shangazi, mimi nikikua nitakuwa mwandishi."

"Vizuri. Mwandishi na aniokotee hiyo pini kabla sijaikanyaga."

Lakini Chiriku hakuwa akitania. Kulikuwa na gazeti la kila wiki lenye ukurasa wa watoto, na kila wiki hadithi moja ya mwanafunzi ilichapishwa humo, pamoja na jina lake na la shule yake. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa amempelekea hadithi huko zaidi ya mara moja. Ya kwanza ilihusu mfalme aliyemeza nyota. Nyingine ilihusu simba aliyeogopa giza. Zote zilirudi. Juu ya ile ya simba, mhariri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Unajua kupanga maneno, lakini humu sijakutana na mtu hata mmoja anayepumua. Andika unachokijua."

Chiriku aliudhika. Alijua nini yeye? Alijua nyuzi na pini. Alijua njia ya kwenda shule na kurudi. Nani angesoma hayo?

Siku moja wakati wa mapumziko, alikuwa amekaa na Twiga nyuma ya maktaba ya shule. Twiga alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, msichana mrefu kuliko baadhi ya walimu, tena mpole, asiyesema neno mpaka alipime kwanza. Siku hiyo alikuwa amejiinamia tangu asubuhi, hata chakula chake hakukigusa.

"Nikikuambia kitu, utanyamaza?" Twiga aliuliza.

"Mimi? Kaburi."

Twiga alimtazama kidogo, kisha akasema. Juma lililopita alikuwa amempeleka mdogo wake hospitali kung'olewa jino. Pale ukumbini, kwenye benchi la wagonjwa wa nje, alimwona baba yao. Amevaa shati lake la kazi la samawati, limepigwa pasi, na mkebe wa chakula uko mapajani. Twiga alidhani anaumwa. Alikuwa karibu kumwita, lakini kuna jambo likamzuia. Kila muuguzi alipoita jina, baba aliinua kichwa kama mtu anayesubiri zamu yake. Jina lilipokuwa la mwingine, akainama tena. Watu waliingia na kutoka, yeye yupo palepale.

"Nikamuuliza yule mlinzi wa mlangoni," Twiga alisema. "Akaniambia yule mzee huja karibu kila siku. Hana mgonjwa, hana ugonjwa. Chiriku, baba hana kazi. Wale wa bohari alikofanya kazi walipunguza watu, nimeuliza huko pia. Ni muda sasa. Kila asubuhi mama anamfungia chakula, anamuaga, na baba anatoka kama anayekwenda kazini. Mama hajui kitu."

"Na wewe hujamwambia?"

"Nitamwambiaje? Baba akijua nimemwona atakufa kwa aibu." Twiga alifuta macho kwa kiganja. "Nimekuambia wewe tu. Nilikuwa napasuka."

Chiriku alimshika mkono mpaka kengele ikalia. Lakini jioni ile, akichomoa nyuzi za bandi, hakuwa na masimulizi. Macho yake yalimwona yule baba benchini, akiinua kichwa na kukiinamisha. Akachukua karatasi kuukuu ya vipimo, akaigeuza upande mweupe, akaanza kuandika. Maneno yalimjia yenyewe, kama yamekuwa yakisubiri mlangoni. Aliandika juu ya shati la samawati, na juu ya kifungo chake cha shingoni kilichokuwa cha kahawia wakati vingine vyote ni vyeupe, kwa sababu ni Shangazi mwenyewe aliyekishona pale vyeupe vilipomwishia. Aliandika juu ya mkebe wa chakula. Mwishoni, muuguzi anamwendea yule mtu na kumuuliza kwa upole, "Baba, wewe unaumwa wapi?" naye anakosa la kujibu. Majina aliyabadilisha yote. Hadithi akaiita "Zamu".

Alipoimaliza, mwili ulimsisimka. Alijua, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba hii ilikuwa tofauti na zile za mfalme na simba. Kesho yake akampa mwalimu. Wala hakujiuliza mara mbili. Ukweli ni kwamba hakujiuliza hata mara moja.

Jumatano moja, mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani akiwa na uso wa mtu anayeficha zawadi nyuma ya mgongo.

"Leo nina habari," alisema. "Kuna mtu humu ndani ambaye jina lake litakuwa gazetini Jumamosi hii."

Akamwita Chiriku mbele. Darasa zima likapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Twiga, amesimama huko nyuma, anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana. Chiriku alihisi anaelea. Jina lake. Gazetini. Alikuwa akiota jambo hilo tangu alipojua kusoma.

"Si hayo tu," mwalimu aliendelea. "Jumamosi ni mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu amesema Chiriku atasimama na kuisoma hadithi yake mbele ya wazazi wote. Sisemi inahusu nini, mtaisikia wenyewe."

Hapo ndipo Chiriku alipoacha kutabasamu. Mama yake Twiga alikuwa kwenye kamati ya wazazi. Hakuwahi kukosa mkutano hata mmoja.

Walipotoka, Twiga alimkumbatia. "Umeandika kuhusu nini?"

"Ah, mambo tu," Chiriku alisema.

"Mambo gani?"

"Utasikia." Na akajichekesha, kicheko ambacho hata yeye mwenyewe hakukiamini.

Njiani kurudi nyumbani alijipa moyo. Majina nimebadilisha. Watu wanaokosa kazi ni wengi. Mashati ya samawati ni mengi. Lakini kila alipofika kwenye kifungo cha kahawia, alisimama njiani. Ni nani aliyelileta shati lile kwa Shangazi? Ni Mama Twiga mwenyewe, aliyesimama pale sebuleni akasema, "Weka chochote, dada, atavaa tai juu yake." Angesikia kifungo, angesikia shati, angesikia mkebe. Angeelewa yote akiwa amekaa katikati ya watu, na majirani wamemzunguka.

Jioni Shangazi alipakua chakula, Chiriku akakizungusha sahanini mpaka kikapoa.

"Nani kakukata ulimi leo?" Shangazi aliuliza. "Mtu kapata habari njema kama hiyo, nilitegemea nisilale kwa kelele."

"Nimechoka tu, Shangazi."

Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akaendelea kula. Hakuwa mtu wa kumvuta mtu maneno mdomoni.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Darasani Chiriku hakusikia kilichofundishwa. Twiga alikuwa amemletea utepe mwekundu wa kufunga nywele siku ya kusoma, akaufungua utepe ule juu ya dawati na kuulainisha kwa vidole vyake virefu. Chiriku alishukuru huku akitazama pembeni. Alijiwazia kuugua. Jumamosi ningepata homa, nisiende. Lakini gazeti lingetoka tu, na mwalimu mkuu angelisoma mwenyewe kwa ile sauti yake nzito inayofika mpaka barabarani. Alijiwazia kusoma haraka haraka na kuruka mistari. Alijiwazia kumwambia Twiga, aliyekaa naye dawati moja, lakini kila alipomgeukia aliishia kuomba kifutio.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Twiga sebuleni. Alikuwa amekuja kujaribu gauni lake, akijigeuza mbele ya kioo, na Shangazi amepiga magoti na pini mdomoni, akimpima upindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikutazame. Nimeambiwa wewe sasa ni mtu mkubwa." Mama Twiga alimshika shavu. "Gauni hili ni kwa ajili yako, usidhani ni la mkutano. Nimeshawaambia wale wa kamati waniwekee kiti cha mbele. Nataka nisikie kila neno. Hata baba yake Twiga nimemwambia aombe ruhusa kazini, aje. Maskini, tangu wamzidishie kazi hata Jumamosi hapumziki, lakini amesema atajitahidi."

Chiriku alisingizia kazi za shule. Alikwenda chumbani, akakaa kitandani na mkoba wake begani. Alisikia wanawake wale wawili wakicheka, kisha wakiagana, kisha mlango ukifungwa. Cherehani ikaanza tena kulia. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Hatimaye akapiga moyo konde, akatoka.

"Shangazi."

"Naam."

"Nimefanya jambo baya."

Alilisimulia lote, kutoka benchi la hospitali mpaka kifungo. Alipofika kwenye kifungo, Shangazi aliacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo lenyewe, likasimama.

"Kile nilichokishona mimi?"

"Ndiyo."

Shangazi aliinamisha kichwa, akakunja gauni la Mama Twiga polepole, kipande juu ya kipande, kama anatafuta mahali pa kuweka mikono yake. "Mtoto wa watu alikuambia wewe tu," alisema.

Chiriku alianza kulia. Shangazi hakumnyamazisha, wala hakumgombeza. Alingoja mpaka kwikwi zikapungua.

"Umelia, imetosha," alisema. "Sasa kuna watu wawili wa kuwaona. Kuna mwenye gazeti, na kuna Twiga. Gazeti halitatungoja, kwa hiyo tutaanza na hilo. Kesho asubuhi nitakuombea ruhusa. Ila mimi nitakusindikiza tu. Maneno utayasema wewe."

Ofisi ya gazeti ilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Walipanda ngazi nyembamba, wakaingia chumba kilichosongamana meza. Mabunda ya magazeti ya zamani yalipangwa ukutani mpaka usawa wa madirisha, na feni ya darini ilizunguka ikilalamika. Watu walikuwa wakiandika bila kuinua macho. Chiriku alikuwa ameiwaza ofisi hii mara nyingi, akajiona akiingia humo kwa madaha na kalamu mfukoni. Sasa alikuwa akijificha nyuma ya kanga ya shangazi yake.

Mhariri wa ukurasa wa watoto alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliposikia Chiriku ni nani, uso wake ulichangamka.

"Wewe ndiye mwenye 'Zamu'? Kaa, kaa. Mama, karibu kiti. Njoo uone." Akageuza kioo cha kompyuta. Ukurasa ulikuwa tayari. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: ZAMU. Chini yake, jina kamili la Chiriku. Pembeni palikuwa na mchoro wa mtu kwenye benchi. "Saa nane mchana unakwenda mtamboni. Nimefanya kazi hii miaka mingi, binti, na ni mara chache mtoto ameniletea hadithi kama hii."

Chiriku alilitazama jina lake. Alitamani asimame hapo tu alitazame, wala asiseme kitu. Akahisi kiganja cha Shangazi mgongoni. Hakikumsukuma, kilikuwepo tu.

"Nimekuja kukuomba uiondoe," alisema.

Mhariri alivaa miwani. "Niiondoe? Kwa nini?"

"Si yangu. Yaani nimeiandika mimi, lakini imetokea kweli. Ni ya baba wa rafiki yangu. Aliniambia kwa siri. Majina tu ndiyo ya kubuni."

Feni ililalamika darini. Mhariri aliegemea nyuma, akasoma tena ukurasa ule, midomo ikicheza kimyakimya. Chiriku aliona wazi kwamba anaumia, kwa namna yake.

"Sikiliza," mhariri alisema mwishoni. "Waandishi wote huchukua vitu kutoka kwa watu. Hatuna duka jingine la kununulia. Ila huvibadilisha. Tukae hapa sasa hivi, mimi na wewe. Badala ya hospitali, tuweke ofisi ya posta. Shati liwe jeupe. Kifungo tukitoe. Nani atamjua?"

Chiriku alishtuka, maana ulikuwa mlango uliofunguka pale alipodhani ni ukuta. Ofisi ya posta. Shati jeupe. Mama Twiga angekaa kiti cha mbele na kupiga makofi. Jina lingebaki pale juu. Alianza hata kuupanga ule mstari wa posta kichwani. Kisha akamwona Twiga amesimama nyuma ya darasa, anasikiliza, na uso wake unabadilika taratibu.

"Twiga atajua," alisema.

"Twiga ndiye huyo rafiki?"

"Ndiyo. Wengine hawatajua, lakini yeye atajua. Na baba yake pia atajua."

Mhariri aliutazama ule mchoro wa benchi mara ya mwisho. Kisha akaweka mkono kwenye kipanya, akabonyeza, na ukurasa ukabaki mweupe katikati. Chiriku alihisi kama jino limeng'oka.

"Nitaweka picha ya kobe ya kupaka rangi," mhariri alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, wala haikuwa na furaha. "Sasa nenda kamwambie rafiki yako, usimwache asikie kwa mtu. Na ukiwa na hadithi nyingine, niletee. Siahidi kitu. Nimesema niletee."

Walifika shuleni wakati wa mapumziko. Chiriku alimpata Twiga mahali palepale nyuma ya maktaba. Alisema yote kwa pumzi moja, maana alijua akisita ataishiwa nguvu.

Twiga alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu ameisoma?" aliuliza.

"Ameisoma. Hajui ni nani."

"Na mhariri?"

"Naye. Lakini Twiga, nimeiondoa. Haitatoka."

"Nilikuambia wewe tu," Twiga alisema. Hakupaza sauti. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaondoka. Baada ya mapumziko Chiriku alimkuta amehamia dawati jingine, karibu na dirisha.

Kilichobaki kilikuwa kumkabili mwalimu. "Umeomba iondolewe?" mwalimu wa Kiswahili alirudia, kana kwamba hakusikia vizuri. "Mimi nimekusemea kwa mkuu. Wazazi wameshaambiwa. Sababu ni nini?"

"Siwezi kusema, Mwalimu. Naomba unisamehe."

"Huwezi kusema," mwalimu alisema, akafunga daftari la mahudhurio kwa kishindo. "Chiriku huyu ninayemjua mimi, leo hana la kusema."

Jumamosi, gazeti lilitoka na kobe. Mwalimu mkuu aliwatangazia wazazi kwamba hadithi iliyotarajiwa haitasomwa, kwa sababu ambazo mwandishi mwenyewe hakupenda kuzieleza. Watu walinong'onezana. Mama Twiga, kwenye kiti cha mbele na gauni lake jipya, aligeuka kumtafuta Chiriku kwa macho ya huruma, na hilo likamchoma kuliko minong'ono. Kando yake alikaa mumewe na shati la samawati. Twiga alikaa upande wa pili, hakugeuka.

Jumatatu wanafunzi walianza kumkejeli. "Mwandishi Kobe, hujambo?" Wengine wakasema hakukuwa na hadithi yoyote, alijitungia sifa tu, akamdanganya mwalimu. Mmoja akasema aliinakili mahali, akaogopa kukamatwa. Neno lilifika mpaka ncha ya ulimi wa Chiriku. Sentensi moja tu ingewafunga midomo wote. Aliitafuna sentensi ile, akaimeza, na kila siku ikambidi aimeze upya. Jioni alirudi amechoka kama aliyebeba maji siku nzima. Shangazi alimpa nguo za kuchomoa nyuzi, hakumuuliza kitu, na mara mojamoja alimkuna kichwani kwa kidole chenye kastabini, ile kofia ya chuma ya washonaji.

Siku zilipita hivyo. Kisha asubuhi moja Twiga alirudi kwenye dawati lao la zamani, akaweka mkoba, akakaa.

"Wanakuita mwongo," alisema akitazama ubao.

"Nasikia."

"Mbona huwaambii?"

"Ningewaambia nini? Si yangu kuiambia."

Twiga alilipima neno lake kama kawaida. "Nilimwambia baba kwamba nilimwona hospitali," alisema. "Niliogopa. Nilijiambia, kama wewe uliweza kumwambia yule mhariri, na kuniambia mimi, basi na mimi naweza. Baba hakukasirika. Alikaa chini kwenye ngazi, akaniuliza kama nilikuwa nimekula siku ile. Basi. Halafu akaenda kumwambia mama mwenyewe."

"Mama akasemaje?"

"Alilia. Siyo kwa ajili ya kazi. Alikuwa akirudia tu, 'Ulikuwa unakula chakula changu peke yako, katikati ya wagonjwa.' Sasa baba anatafuta kazi waziwazi. Mama ameulizia hata kwa wale wa kamati. Baba bado hajapata, lakini anakaa nyumbani kwa amani." Kisha akaongeza, "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Itapungua. Usiniharakishe."

Chiriku alianza hadithi nyingine. Safari hii ilimhusu Shangazi, na mteja aliyeleta kitambaa cha mto akitaka kitoke suti nzima. Kabla ya kumpa mwalimu, aliisoma kwa sauti sebuleni, na Shangazi akaacha kazi akasikiliza amefunga mikono.

"Hilo la kukoroma kwangu liondoe."

"Lakini Shangazi, ndilo linalochekesha."

"Linakuchekesha wewe. Mimi nina wateja."

Walibishana. Mwishowe kukoroma kukaondoka, na badala yake Shangazi akakubali kutajwa kwamba huzungumza na cherehani yake inapokorofisha. Yule mteja naye alikwenda kuulizwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, akataka tu hadithini aongezewe urefu. Mhariri aliirudisha hadithi mara mbili. Mwanzo ni mrefu, aliandika. Kisha: mwisho umekimbia. Chiriku alikasirika, akalala na hasira, akaamka akaandika upya. Mwalimu wa Kiswahili aliipokea kila mara bila maneno mengi, lakini mara ya mwisho alisema, "Nadhani nimeanza kuelewa ile nyingine ilikuwaje. Sitauliza." Na hiyo ikawa njia yake ya kusamehe.

Hadithi ilipotoka, mhariri aliagiza Chiriku aende kuchukua nakala zake mwenyewe. Alikwenda na Shangazi, na Twiga naye akasema anapita njia hiyohiyo, ingawa nyumbani kwao ni upande mwingine kabisa. Twiga alibaki chini mbele ya duka. Juu, mhariri alimkabidhi Chiriku magazeti, na Chiriku akaona jina lake, dogo kuliko alivyolikumbuka.

"Hii si nzuri kama 'Zamu'," mhariri alisema.

"Najua."

"Ni vizuri unajua. Utaandika nyingine kama ile, lakini itachukua muda." Mhariri alivua miwani. "Binti, kuandika vizuri mtu hujifunza. Anaandika, anafuta, anarudishiwa, anaandika tena, kama ulivyofanya. Lakini kuna jambo ningependa ulishike mapema. Msomaji akimaliza hadithi yako, atalichukua gazeti afungie maandazi. Yule uliyemwandika ataishi nayo. Kwa hiyo kabla hujachukua maisha ya mtu, muulize. Akikataa, iache, hata kama ni nzuri kuliko zote. Mimi siku ile nilisahau, kwa sababu nilikuwa na ukurasa wa kujaza. Wewe hukusahau. Mwandishi ambaye watu wanaweza kumwamini na mambo yao hatakosa cha kuandika."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. "Umesikia?" alisema. "Nami sina cha kuongeza."

Chini, Twiga alikuwa ameegemea dirisha la duka. Alichukua gazeti, akasoma amesimama, akacheka pale Shangazi anapozungumza na cherehani. Alipomaliza alilikunja vizuri, akalitia mkobani mwake badala ya kulirudisha.

"Siku moja utataka kuiandika ile ya kwetu," alisema.

"Hapana."

"Utataka, nakujua. Ukitaka, uje uniulize."

"Nikija utasemaje?"

"Nitakataa," alisema Twiga. "Lakini uje uniulize."